Hojaji Yenu Inauliza au Inapiga Debe?

Swali: "Mimi ni katibu wa klabu ya uraia katika shule ya sekondari yenye wanafunzi 1,200. Muhula ujao tunaanza kampeni ya kuwahamasisha wenzetu wapige kura katika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, wahudhurie vikao vya madarasa na wajitolee. Mwalimu mlezi ametutaka tuanze na hojaji. Tumeandaa maswali 43, nimeyaambatisha, na tunafikiria kuyatuma kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi ili tupate majibu mengi kwa haraka. Je, hojaji yetu iko sawa? Na majibu yakishapatikana tuyafanyie nini?"

Ndugu Katibu,

Nimeyasoma maswali yenu yote 43 nikiwa na kalamu mkononi, na jibu fupi ni kwamba bado. Msiitume. Usivunjike moyo, nimewahi kuona hojaji za watu waliolipwa kuziandika zikiwa na makosa makubwa kuliko yenu. Shida yenu ni kwamba karatasi moja mmeipa kazi mbili zisizopatana. Inawauliza wenzenu wanafanya nini na wanawaza nini, na papo hapo inawapigia debe. Anayejibu huisikia ile sauti ya debe mapema sana, pengine kufikia swali la tatu, na kutoka hapo anawajibu mnachotaka kusikia.

Tuchukue swali la 7: "Je, unakubali kwamba kila mwanafunzi mzalendo anapaswa kupiga kura na kujitolea katika kazi za usafi?" Nani atathubutu kutia tiki kwenye "hapana" hapo? Neno "mzalendo" limesimama mlangoni kama mlinzi. Anayekataa amejitangaza kuwa si mzalendo. "Unakubali kwamba" nayo inamsukuma mgongoni aingie. Na akishaingia anakuta maswali mawili yamefungwa pamoja, la kura na la usafi. Yuko mwanafunzi ambaye hakosi uchaguzi lakini fagio hajaligusa tangu aje shuleni. Huyo atie tiki wapi? Mtapata "ndiyo" tele, mtazibandika kwenye bango, na hamtakuwa mmejua lolote ambalo hamkulijua kabla.

Kama mnachohitaji ni watu wa kuunga mkono msimamo wenu, andikeni ombi, watu walitie saini, mlipeleke kwa uongozi wa shule. Ni njia halali na ya heshima ya kufanya kampeni. Ila msiliite hojaji.

Kabla ya kurekebisha maneno ya swali lolote, kamati nzima ikae ifanye zoezi hili. Chukueni swali moja moja na mseme kwa sauti: wengi wakijibu hivi tutafanya nini, na wakijibu vile tutafanya nini? Kama mtafanya jambo lilelile katika hali zote mbili, swali hilo halina kazi, liondoke. Mimi nimelifanya zoezi hilo kwa niaba yenu na yamebaki 14. Swali la 4, "Mzazi wako anafanya kazi gani?", limekwenda, hakuna mahali kwenye mpango wenu ambapo jibu lake lingebadilisha kitu, na kwa baadhi ya wanafunzi ni swali linalouma. Swali la 18, "Je, unapenda amani?", limekwenda huku nikicheka. Lakini la 22, "Ulijua lini tarehe ya uchaguzi uliopita?", limebaki, tena nimelipigia mstari. Wengi wakisema waliisikia siku ileile ya uchaguzi, basi kampeni yenu ni ya matangazo. Wakisema waliijua wiki nzima kabla na bado hawakwenda, tatizo liko kwingine, na mabango yote mnayopanga kuchora hayatasaidia kitu. Hilo ni swali moja tu, lakini linaamua mtautumiaje muhula mzima.

Halafu ulizeni watu walichofanya kabla ya kuwauliza wanachoamini. Swali la 7 ningeligawa, na sehemu ya kura ningeiandika hivi:

"Katika uchaguzi wa mwisho wa serikali ya wanafunzi, wako waliopiga kura na wako ambao hawakupata nafasi au hawakutaka. Kwako ilikuwaje?
Nilipiga kura.
Nilitaka kupiga kura lakini sikupata nafasi.
Sikutaka kupiga kura.
Nilikuwa bado sijajiunga na shule hii.
Sikumbuki."

Sentensi ya kwanza inampa ruhusa asiyepiga kura aseme hivyo bila kuona aibu. Chaguo la pili na la tatu yanatenganisha watu ambao ninyi mlikuwa mmewaweka kapu moja, na kila kundi linahitaji kampeni yake: mmoja anataka muda wa kupiga kura uongezwe, mwingine anataka sababu ya kujali. Chaguo la nne mlilisahau kabisa. Wanafunzi wa kidato cha chini hawakuwepo wakati huo. Kwenye hojaji yenu wangelazimika ama kudanganya ama kuhesabiwa kuwa wazembe.

Hata hivyo tarajieni kwamba wengine watasema walipiga kura ilhali hawakupiga. Jambo hili linajulikana kwa kila anayefanya utafiti wa uchaguzi: idadi ya wanaosema walipiga kura karibu kila mara huzidi idadi ya kura zilizomo kwenye masanduku. Ninyi mna bahati ambayo watafiti wengi hawana, kwa sababu hesabu ya kura ipo kwa mwalimu msimamizi. Tuseme sanduku lilikuwa na kura 540 wakati shule ina wanafunzi 1,200; hiyo ni asilimia 45. Hojaji ikiwaletea asilimia 70, msikasirike wala msiitupe. Hilo pengo lenyewe ni habari. Lina maana kwamba wenzenu tayari wanajua kupiga kura ni jambo la kusifiwa, kiasi cha kulidai hata wasipolifanya. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kura. Ninyi ndio mnaohitaji kujua ni nini kiliwazuia siku ile.

Kuhusu uzito wa maneno, kuna mfano mmoja ambao huwa siuachi kwa sababu unahusu uraia wenyewe. Mwaka 1941 nchini Marekani, mtafiti Donald Rugg alitumia makundi mawili ya watu yaliyofanana. Kundi moja liliulizwa kama nchi ikataze hotuba za hadharani za kupinga demokrasia, na asilimia 54 wakasema izikataze. Kundi la pili likaulizwa kama nchi iziruhusu hotuba hizohizo, na asilimia 75 wakasema isiziruhusu. Kimantiki, kukataza na kutoruhusu ni kitu kimoja. Masikioni mwa watu, "kukataza" ni neno kali, na wengi hawapendi kuonekana wakali. Tofauti ya asilimia 21 ilitokana na kitenzi kimoja. Sasa rudi kwenye orodha yenu uangalie ni mara ngapi mmeandika "lazima", "wajibu mtakatifu" na "kuwaadhibu".

Niingie kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa vitabu vingi vya utafiti havitusaidii. Swali lenu la 11 linasema: "Hujawahi kuhudhuria kikao cha darasa? Ndiyo / Hapana." Mwanafunzi ambaye hajahudhuria hata kimoja atajibu "ndiyo", akimaanisha ndiyo, sijawahi. Jirani yake, ambaye naye hajahudhuria hata kimoja, atajibu "hapana", akimaanisha hapana, sijawahi. Hali yao ni moja na wametia tiki visanduku tofauti, na hakuna hesabu duniani itakayowarudisha kundi moja baadaye. Swali lenye kikanushi ndani yake lisitokee kabisa kwenye hojaji ya Kiswahili yenye "ndiyo" na "hapana".

Vilevile mna mazoea ya kuandika kwa wingi: "Je, mnashiriki kazi za kujitolea?" Nani, mimi au darasa letu? Darasa linashiriki, mimi nilijificha nyuma ya maktaba. Andikeni "wewe". Na "mara kwa mara" iondoeni popote ilipo. Kwa mmoja ni kila wiki, kwa mwingine ni mara mbili kwa mwaka. Ulizeni: "Katika wiki 4 zilizopita umehudhuria vikao vingapi vya darasa?" na mpange visanduku vya hakuna, 1, 2, na 3 au zaidi.

Neno "uraia" nalo litazameni upya. Ninyi mmelizoea kwa sababu ni jina la klabu yenu. Mwanafunzi wa kawaida akilisoma anaweza kuwaza kitambulisho, pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Kwenye maswali ya 2, 9 na 30 limetumika kana kwamba kila mtu analielewa kama ninyi. Taja kitendo badala ya kutaja dhana: kupiga kura, kusema kwenye kikao, kupeleka malalamiko kwa kiongozi, kusaidia kazi ambayo hukulazimishwa.

Maswali ya 25 hadi 36 mmeyajenga kwa mizani ya hatua tano ya kukubali na kukataa. Mizani hiyo inatokana na kazi ya Rensis Likert, Mmarekani aliyeitangaza mwaka 1932, na ni chombo kizuri kikitengenezwa vizuri. Yenu imepinda. Mmeandika "Nakubali kabisa, Nakubali, Nakubali kiasi, Sikubali, Sikubali kabisa." Hesabu: hatua tatu za kukubali, mbili za kukataa. "Nakubali kiasi" imekalia kiti cha katikati wakati haiko katikati. Pale wekeni "Siko upande wowote", na pembeni kabisa, nje ya mizani, wekeni "Sijui". Hivyo viwili havifanani. Asiye na upande amelifikiria jambo akaona pande zote zina uzito. Asiyejua hajalifikiria, au hajui mnazungumzia nini.

Msiogope "Sijui". Nayo ni data. Kuna watafiti wa Marekani waliowahi kuwauliza watu maoni yao kuhusu sheria ya mwaka 1975 iliyopewa jina la kuaminika sana, na sheria hiyo haikuwepo, waliitunga wao wenyewe. Karibu theluthi moja ya walioulizwa walitoa maoni, wengine wakiiunga mkono na wengine wakiipinga. Ninyi mnauliza kwenye swali la 31 kama wanafunzi wanaridhika na katiba ya serikali ya wanafunzi. Kwanza waulizeni kama wamewahi kuisoma au kusomewa. Anayejibu hapana aruke moja kwa moja kwenye swali linalofuata.

Sentensi zote za mizani yenu zinasifu ushiriki, na kuna watu wenye tabia ya kukubali kila wanachosomewa, hasa wakiwa wamechoka. Changanyeni. Pamoja na "Kura yangu inaweza kubadilisha mambo hapa shuleni" wekeni "Viongozi wakishachaguliwa huamua wanavyotaka wao." Mwanafunzi aliyekubali kabisa zote mbili amewaonyesha jinsi alivyokuwa akijaza, au amewaambia jambo zito kuhusu imani yake kwa viongozi. Kundi la namna hiyo likiwa kubwa, litafuteni mzungumze nalo ana kwa ana.

Sasa WhatsApp. Najua inavutia: unabonyeza, unalala, asubuhi una majibu mia tatu. Lakini ya nani? Ya wenye simu, walio kwenye makundi, waliojisikia kujibu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi zipatazo milioni 10 kutabiri nani atashinda urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, wingi ambao hata leo hakuna mtafiti anayeuota. Likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa mbali. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya kutumiwa karatasi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na juu ya hapo waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliozitupa. George Gallup, mtafiti wa maoni ya umma, kwa sampuli (yaani watu wachache waliochaguliwa kuwawakilisha wote) ndogo mno ikilinganishwa na ile, alimtaja mshindi sawasawa. Miaka miwili baadaye jarida lile halikuwepo tena.

Kwenu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mnachopima ni ushiriki. Anayejaza hojaji kwa hiari tayari ni mshiriki wa namna fulani. Yule mnayemtafuta hasa, asiyekwenda vikaoni na asiyepiga kura, ndiye huyohuyo atakayeupita ujumbe wenu bila kuufungua. Hata mpate majibu 600, mtakuwa mmewahoji wenzenu wa klabu na marafiki zao.

Fanyeni hivi. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria ukubwa wa sampuli: gawanya idadi ya wote kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa mnaloweza kulivumilia. Kwa kosa la asilimia 5, yaani 0.05, wanafunzi 1,200 wanagawanywa kwa 1 + 1,200 × 0.0025, ambayo ni 4. Jibu ni 300. Maana yake, mkipata asilimia 60 kwenye sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ukweli wa shule nzima kwa uwezekano mkubwa uko kati ya 55 na 65. Kuwahoji wote 1,200 hakukatazwi, lakini kumbukeni nani atahesabu. Maswali 43 mara wanafunzi 1,200 ni majibu 51,600. Maswali 14 mara 300 ni 4,200, na hiyo ni kazi ya kamati ya watu sita kwa siku chache za jioni.

Kuwapata hao 300, ombeni orodha ya wanafunzi wote. Andikeni namba 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, chomoeni kimoja. Kama ni 3, basi mwanafunzi wa 3, wa 7, wa 11, na kuendelea hadi mwisho wa orodha. Itazameni orodha kwanza, tafadhali. Shule nyingine hupanga majina mvulana, msichana, mvulana, msichana. Ukichukua kila wa nne kwenye orodha ya namna hiyo utatoka na wavulana watupu au wasichana watupu. Nililigundua hilo nikiwa nimeshagawa nusu ya karatasi, na sitaki likukute. Orodha ikiwa hivyo, itenganisheni kuwa mbili kabla ya kuhesabu.

Jina likishatoka, mtafuteni mwenye jina. Asipokuwepo leo, rudini kesho na keshokutwa. Msimpe karatasi aliyeketi jirani yake kwa kuwa yupo. Na mwisho andikeni ni wangapi hawakupatikana au walikataa. Anayekataa aachwe kwa heshima. Haki ya kutojibu ni yake.

Hilo linanileta kwenye usiri, ambao kwenye hojaji yenu umepewa mstari mmoja: "Majibu yako ni siri." Chini yake mnauliza jina la mkondo, jinsia, umri, bweni na cheo. Ni wasichana wangapi wa miaka 17 kwenye mkondo huo, bweni hilo, wenye cheo cha kiranja? Mmoja. Mmemwandika jina bila kuliandika. Bakini na kidato na jinsia tu, tena muviweke mwishoni. Karatasi zisigawiwe na viranja wala kukusanywa na mwalimu anayezisoma huku akizipanga. Wekeni sanduku lenye kufuli, kila mtu akunje karatasi yake aitumbukize mwenyewe, ufunguo abaki nao mwenyekiti wa kamati. Na kwa yale maswali ya kuandika kwa maneno, waambieni wanaweza kuandika kwa herufi kubwa, maana walimu wanaijua miandiko ya wanafunzi wao kuliko wanavyozijua sura zao. Uongozi wa shule utoe idhini kabla, na kwa kuwa wengi wenu mko chini ya miaka 18, mwalimu mlezi aangalie kama wazazi wanapaswa kuarifiwa. Mkiulizwa mna haki gani ya kukusanya maoni ya wanafunzi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa. Semeni hivyo kwa adabu.

Swali la 37 nimeliacha kwa makusudi hadi hapa: "Je, umewahi kupokea zawadi ili umpigie kura mgombea fulani?" Ni swali zuri na la kijasiri, lakini kwa jinsi mlivyoliuliza hakuna atakayesema ndiyo. Ipo njia inayotokana na wazo la mtafiti Stanley Warner la mwaka 1965, nayo inahitaji sarafu tu. Kila mwanafunzi anarusha sarafu akiwa peke yake, bila kumwonyesha mtu. Ikiangukia upande wa kichwa, anatia tiki kwenye "ndiyo" hata kama hajawahi kupokea chochote. Ikiangukia upande wa pili, anasema ukweli. Hapo hakuna anayeweza kumnyooshea kidole mwenye "ndiyo", kwa sababu pengine ni sarafu iliyosema. Hesabu inakuja kwenye kundi zima. Kati ya watu 300, takriban 150 watakuwa wamesema "ndiyo" kwa amri ya sarafu. Mkikuta "ndiyo" 195, zile 45 za ziada zimetoka kwa wale 150 wengine waliosema ukweli, yaani asilimia 30. Ni makadirio, na makosa yake ni makubwa kuliko ya swali la kawaida, kwa hiyo msiyatangaze kwa nukta za desimali. Tena fanyeni zoezi la mfano kwanza kwa swali la mzaha, maana asiyeelewa kanuni ataona anaambiwa adanganye na ataharibu karatasi nzima.

Kisha majaribio. Kabla ya kuchapa nakala 300, chagueni wanafunzi kumi wasio wa klabu, wa vidato tofauti, mkae na mmoja mmoja. Akisoma swali, mwambie akueleze kwa maneno yake anaulizwa nini na kwa nini amechagua jibu hilo. Wewe nyamaza, andika. Nilipoanza kazi hii niliuliza kwenye hojaji yangu: "Unahudhuria mikutano ya wanafunzi?" Kijana mmoja akatia tiki "kila siku". Nikamwuliza mikutano gani hiyo ya kila siku. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni: "Ile ya asubuhi, tukipanga mistari." Alikuwa anajibu kwa uaminifu kabisa, swali langu ndilo lililokuwa bovu, na nisingemwuliza ningemhesabu kuwa raia hodari kuliko wote shuleni. Kumi wanatosha kukamata makosa mengi ya namna hiyo. Pimeni na muda: ikizidi dakika kumi, punguzeni.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya mkono. Kaeni wawili wawili, mmoja asome na mwingine aweke vistari, vinne na cha tano kikivikata. Kila karatasi iwe na namba yake ili mkibishana mweze kuirudia. Swali lililoachwa wazi lina safu yake, "hakujibu", msilijaze kwa kubahatisha. Kila mnapotoa asilimia, semeni ni ya wangapi. "Asilimia 60 ya watu 281 waliojibu swali hili" ni taarifa. "Wanafunzi wengi wanaamini" ni debe limerudi kwa mlango wa nyuma. Mkitaka kulinganisha vidato, angalieni idadi: kwenye kundi la watu 20, wawili wakibadilisha mawazo asilimia imehama kwa 10.

Baada ya kampeni mtataka kujua kama imefaulu. Rudieni maswali yaleyale, neno kwa neno, kwa sampuli mpya iliyopatikana kwa njia ileile. Kwa kuwa kila upande una kosa lake la karibu asilimia 5, tofauti isiyofika 7 kati ya mwanzo na mwisho inaweza kuwa bahati tu. Kipimo kilicho bora kuliko vyote mtakihesabu kwenye sanduku la kura siku ya uchaguzi, si kwenye hojaji.

Na kuna jambo ambalo kamati nyingi hulikwepa. Bandikeni matokeo kwenye ubao wa matangazo kabla hamjaanza kampeni, yakiwemo yale msiyoyapenda. Wakisema hawahudhurii vikao kwa sababu mambo yanayosemwa huko hayafiki popote, liandikeni hivyohivyo. Pengine mtalazimika kuacha kuwahamasisha wanafunzi na kuanza kuwahoji viongozi.

Mwisho, swali lenu la 43: "Kama kura yako peke yake ingeamua, ni jambo gani moja ungelibadilisha hapa shuleni?" Sijui ni nani kwenye kamati aliyeliandika, lakini ndilo swali bora kwenye orodha nzima, na mmelizika mahali ambapo kila mtu atakuwa amechoka. Lipandisheni liwe la pili. Mliliachia mstari mmoja. Liachieni minne, na mpunguze maelezo yenu ya ukurasa wa kwanza ili nafasi ipatikane.